Petroli ya akiba kwenye safari ndefu za pikipiki: ubebe kiasi gani, ndani ya nini, na uifunge wapi

#1

Wakuu, habari za majukumu.

Kiangazi kinapoingia na barabara za vumbi zikakauka, wengi wetu huanza kupanga safari za mbali, na swali la petroli ya akiba hurudi palepale: ninunue dumu la aina gani? Ni swali la msingi na nitalijibu, lakini naomba tulitangulize jingine. Petroli iliyo salama kuliko zote kwenye pikipiki ni ile iliyo ndani ya tangi, kwa sababu tangi limefungwa kwenye fremu, lina njia yake ya kupumulia, na liko karibu na katikati ya pikipiki, mahali ambapo uzito hauyumbishi usukani. Kila lita iliyo nje ya tangi imo katika hatari kubwa zaidi, hata kama chombo kilichoibeba ni cha bei ya juu. Kwa hiyo kazi yetu ni kubeba kiasi kinachotosha pengo halisi la safari, kukibeba katika chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli, na kukihamishia kwenye tangi mara tu nafasi inapopatikana. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatokana na hilo.

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka kwa wingi wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna saa wala mahali katika nchi zetu, hata alfajiri ya mwezi wa saba huko Makete, ambapo petroli iliyo wazi inaweza kuhesabiwa kuwa imetulia. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai na kutoweka bali hushuka, hutambaa ardhini, hujikusanya kwenye mitaro na mabonde, na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali kabisa na mahali ulipomimina. Kiasi cha asilimia 1.4 tu ya mvuke hewani kinatosha kuwaka. Ajali ya Msamvu, Morogoro, ya tarehe 10 Agosti 2019, ambamo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukimbilia kuchota, wakiwemo madereva wa bodaboda, inapaswa kuwa akilini mwa kila anayefungua kifuniko cha dumu la petroli.

Sasa hesabu. Nitatumia njia ya Mbeya kwenda Singida kupitia Chunya, Makongolosi, Rungwa na Itigi, kwa kuwa ni njia inayotamaniwa na wengi na inaonyesha tatizo waziwazi. Mbeya hadi Chunya ni lami, na lami hiyo inaendelea hadi Makongolosi, takriban kilomita 40 mbele ya Chunya. Kutoka Makongolosi hadi Mkiwa, inapoungana na barabara kuu ya Dodoma na Singida, ni takriban kilomita 413. Itigi, mji wa Reli ya Kati, uko kabla ya Mkiwa, lakini kwa ajili ya hesabu tuchukue kilomita zote 413. Katikati kuna vijiji kama Kambikatoto, Rungwa na Mwamagembe, ambako unaweza kukuta petroli ya chupa pembeni mwa barabara. Ukiikuta, vizuri, lakini usiipangie safari, kwa sababu siku utakayofika ndiyo siku muuzaji ameishiwa, na ubora wake hauwezi kuthibitishwa na mtu yeyote.

Ongeza robo ya umbali kwa ajili ya kupotea njia, mchanga, kurudi nyuma kutafuta mahali pa kuvuka korongo, na upepo wa mbele. Kilomita 413 zinakuwa takriban 516. Tuchukue Bajaj Boxer 150 yenye tangi la lita 11 hivi. Kwenye lami isiyo na mzigo inaweza kwenda zaidi ya kilomita 45 kwa lita, lakini ikiwa na mabegi, kwenye makorogesho ya barabara ya vumbi, tuihesabie 35. Safari nzima inahitaji lita 14.7, ukitoa zile 11 za tangi, akiba yako ni lita 4. Sasa chukua Honda CRF300L, pikipiki nzuri sana kwa njia hiyo lakini yenye tangi la lita 7.8 tu. Tukiihesabia kilomita 28 kwa lita kwenye hali hiyohiyo, inahitaji lita 18.4, kwa hiyo akiba ni karibu lita 11. Mnaona tofauti. Mwenye Boxer ana kazi ndogo ya chombo kimoja cha lita 5, wakati mwenye CRF angefanya vema kufikiria kwanza tangi kubwa la kubadilisha, kama yale ya plastiki yanayotengenezwa na Acerbis wa Italia au IMS wa Marekani, kabla ya kuanza kuning'iniza madumu. Ni gharama, nakubali, lakini lita zinazoingia kwenye tangi ni lita ambazo hazihitaji kamba.

Takwimu za ulaji wa mafuta msizichukue kwangu wala kwenye karatasi ya muuzaji. Jaza tangi hadi mahali unapoweza kupatambua tena, funga mizigo yote utakayosafiri nayo, nenda kwenye barabara mbovu iliyo karibu nawe, kisha jaza tena na ugawanye. Fanya hivyohivyo kwa riziva, yaani mafuta ya mwisho ya tangi yanayofunguliwa kwa koki: acha pikipiki iishiwe kwenye upande wa kawaida wa koki, karibu na nyumbani na ukiwa na chupa ya mafuta iliyo salama, kisha uone riziva inakufikisha kilomita ngapi. Mtu anayeijua riziva yake habebi lita kumi kwa hofu.

Kuhusu chombo, angalia alama. Chombo kilichopimwa kwa ajili ya kusafirisha vimiminika hatari huwa kimegongwa alama ya Umoja wa Mataifa, yaani duara lenye herufi u na n ndani yake, ikifuatiwa na namba. Kwa dumu la plastiki lenye sehemu ya juu isiyobanduka utaona 3H1, na kwa lile la chuma utaona 3A1. Baada yake huja herufi X, Y au Z. Petroli iko kwenye kundi la pili la ufungashaji (Packing Group II), kwa hiyo X na Y zinafaa na Z haifai. Katika mfuatano huo kuna tarakimu mbili za mwaka wa kutengenezwa, nazo si pambo, kwa kuwa madumu ya plastiki ya aina hii yanaruhusiwa kusafirishia mizigo ya hatari kwa miaka 5 tu tangu yatengenezwe. Jua hulichosha plastiki. Dumu lililopauka, lenye vijistari kama nyufa nyembamba karibu na mpini, limemaliza kazi hiyo, hata kama halijaanza kuvuja.

Vyombo bapa vya plastiki nene vinavyofungwa kwa komeo lake maalumu, kama RotopaX ya Marekani ambayo ukubwa wake wa galoni moja ni takriban lita 3.8, vinakaa vizuri sana ubavuni mwa pikipiki. Jerikeni la chuma la mtindo wa kijeshi la lita 20 ni imara, lakini likijaa linakaribia kilo 20 kwa jumla, na mimi siliungi mkono kwenye pikipiki hata kidogo. Yapo ya lita 5 na ya lita 10 ya muundo uleule. Mifuko laini ya mafuta, inayokunjwa ikiwa mitupu, inawafaa wale ambao wana pengo moja tu refu katika safari nzima, lakini inachubuka upesi na haifai kulazwa juu ya chuma chenye ncha. Chupa za maji na soda haziingii kabisa kwenye orodha yangu, na sababu kubwa si plastiki yake peke yake. Mtoto, au mwenzako aliyeamka usiku na kiu, anaona chupa ya maji.

Jambo la kujaza. Teremsha chombo, kiweke chini ardhini, mbali na pikipiki yenye injini ya moto. Usikijaze kikiwa juu ya kiti, ndani ya begi, au juu ya keria yenye mpira. Petroli inayotiririka hutengeneza umeme tuli, na chombo kilichokaa juu ya kitu kisichopitisha umeme hakina pa kuupeleka, hadi pale cheche inaporuka kati ya mdomo wa bomba na mdomo wa dumu, mahali ambapo mvuke ni mwingi. Mwambie mhudumu wa sheli bomba liguse mdomo wa chombo muda wote na amimine polepole. Gusa chuma kwa mkono mtupu kabla ya kufungua kifuniko, hasa ukiwa umevaa koti la nailoni wakati wa ukavu. Vituo vingine havikubali kujaza madumu, na mhudumu anayekukatalia anafanya kazi yake. Chombo chenye alama niliyoitaja, pamoja na maelezo ya heshima kuhusu safari, husaidia kuliko ubishi. Usijaze hadi juu. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya hiyo, kwa hiyo acha angalau sehemu ya ishirini ya chombo ikiwa tupu. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kabla ya kushuka. Dumu ulilolijaza kwenye baridi ya asubuhi ya Mbeya litakuwa limevimba mashavu saa nane mchana katika joto la Rungwa. Ukilifungua, lifungue kwa robo mzunguko, uso ukiwa mbali, lipumue, ndipo umalizie.

Mahali pa kufunga. Chini, mbele ya ekseli ya nyuma, upande usio na ekzosi. Kwa pikipiki nyingi tunazotumia ekzosi iko kulia, kwa hiyo chombo kinakaa kushoto, ndani ya mzunguko wa fremu ya keria ya pembeni ili pikipiki ikianguka chuma kipokee pigo badala ya dumu. Ukiwa na vyombo viwili na ekzosi iko kulia, weka kile cha pili juu ya keria karibu kabisa na mgongo wako, si nyuma ya taa, kwa kuwa uzito ulio nyuma ya ekseli huinua gurudumu la mbele na kulifanya lielee kwenye mchanga. Kwenye usukani, hapana. Na mgongoni ndani ya begi, kamwe: ukianguka na begi lenye petroli, hutakuwa na njia ya kujitenga nalo. Tumia mikanda ya kubana yenye meno. Ile mipira iliyokatwa kwenye tyubu ni mizuri kwa godoro, lakini hurefuka kwa joto na mtikisiko.

Na sasa lile ambalo ningependa likumbukwe kuliko mengine. Usiibebe akiba hadi tangi likauke. Kwenye njia tuliyoichukulia mfano, Boxer iliyotoka Makongolosi na tangi lililojaa itakuwa na nafasi ya lita 4 baada ya kilomita 140 tu. Simama hapo. Zima injini, isubiri ipoe kwa angalau robo saa, chagua kivuli kisicho na nyasi kavu ndefu, simama upande upepo unakotoka, mimina kwa faneli yenye chujio, funga tangi, futa, sogea hatua kadhaa kabla ya kuwasha. Umebaki na zaidi ya kilomita 270 za kwenda, na huna petroli nje ya tangi. Anayesubiri hadi injini izime yenyewe anabeba hatari ileile kwa umbali zaidi ya maradufu, kisha anamimina kwa haraka, jua likizama, mbung'o wakimsumbua, juu ya injini yenye moto.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Huku nilipo, sisi sote tunatumia dumu la njano la mafuta ya kula la lita 5, na wauzaji wa petroli ya chupa wanayatumia miaka yote. Ningependa kuelewa tatizo lake ni lipi hasa, kwa kuwa vyombo vyenye alama ulizozitaja ni vigumu kuvipata wilayani na bei yake ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida.

#3

Mkuu wa #2, swali lako ni la haki na sitalijibu kwa kukuambia ununue tu.

Dumu la mafuta ya kula mara nyingi ni la plastiki aina ya polietilini nzito, lenye namba 2 ndani ya pembetatu chini yake, na plastiki hiyo yenyewe haiyeyuki kwa petroli. Udhaifu uko kwenye mambo matatu. La kwanza ni kifuniko: kimetengenezwa kuzuia mafuta mazito yasiyo na mvuke, na ule mpira au karatasi laini ya ndani hulainika na kuvimba ikikutana na petroli, kisha kifuniko kinaanza kutoa jasho taratibu bila wewe kuona tone. Unasikia harufu tu. La pili ni unene wa kuta, ambao umekusudiwa kwa dumu kukaa wima dukani, si kusuguana na chuma kwa siku nzima. La tatu ni kwamba petroli hupenya polepole kwenye polietilini ya kawaida na mvuke kutoka nje, ndiyo sababu vyombo vya mafuta vyenye ubora hutengenezwa kwa kuta zilizotibiwa au zenye tabaka la kuzuia. Muuzaji wa chupa ameliweka dumu lake kivulini, limesimama, halitikisiki. Mazingira ya keria yako ni mengine kabisa.

Kama huna njia nyingine, basi punguza hatari kadiri unavyoweza. Tafuta dumu jipya ambalo halijapigwa jua, osha na ulikaushe kabisa, lijaze maji, lipindue kifuniko chini usiku kucha juu ya karatasi kavu, na ulikatae likiacha hata doa moja. Tambua kwamba kufaulu kwa maji hakuthibitishi kwamba mpira wa kifuniko utaihimili petroli, kwa hiyo akiba hiyo iingie kwenye tangi mapema zaidi kuliko nilivyoeleza juu. Andika neno PETROLI pande zote mbili kwa rangi isiyofutika, na dumu hilo lisirudi jikoni maishani mwake. Hata hivyo, kwa mwenye Boxer, mara nyingi safari inaweza kupangwa kwa kujaza tangi kila kituo bila kujali limepungua kiasi gani, na dumu lisihitajike kabisa. Hiyo haigharimu chochote.

#4

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nachangia kutoka upande wa Kenya, kwa sisi tunaozunguka Ziwa Turkana. Mzunguko wetu ni Maralal, Baragoi, South Horr, Loiyangalani, kisha North Horr na jangwa la Chalbi hadi Marsabit, ambako mtu anaikuta tena lami ya Isiolo na Moyale. Maralal hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka hapo hadi Marsabit kwa kupitia North Horr ni zaidi ya 250. Loiyangalani petroli huuzwa kutoka kwa mapipa, lakini nakubaliana na mwenye uzi kwamba haifai kuitegemea.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu mawe. Kule karibu na ziwa barabara imejaa mawe meusi ya volkano, na mtikisiko wake hauna huruma kwa keria. Mtungi (dumu) wa petroli uliofungwa vizuri asubuhi huwa umelegea kufikia adhuhuri, na unaanza kujisugua mahali pamoja. Nimeuona mtungi wa mwenzetu ambao kona yake ya chini ilikuwa imelika kwa ubapa wa kidole gumba, imekuwa nyembamba kiasi cha kuuona mwanga kupitia plastiki, na bado ulikuwa umejaa. Tulimimina yote papo hapo. Tangu hapo naweka kipande kinene cha tairi la baiskeli kati ya mtungi na chuma, na nakagua kwa mkono, si kwa macho, kila tunaposimama. Upepo wa kule pia ni mkali mno. Kumimina bila ngao ya upepo ni kujimwagia suruali.

Swali langu: keria ikivunjika njiani na ikapatikana karakana ya kuchomelea, mnafanyaje na petroli?

#5

Ndugu yetu wa Kenya, asante sana kwa mchango huo, na hasa kwa hilo la kukagua kwa mkono. Ukipitisha kiganja nyuma ya mtungi utagundua unyevu, mchubuko au komeo lililolegea kabla jicho halijaona chochote. Ningeongeza tu kwamba kipande cha tairi kifungwe kwenye chuma chenyewe, maana kikikaa huru huhama na kukuachia mgusano uleule.

Kuhusu kuchomelea, naomba niliseme kwa uzito unaostahili. Mitungi yote itoke kwenye pikipiki na kupelekwa mbali, upande upepo unakotoka, ikiwa imefungwa. Hii inahusu mitungi iliyojaa na hasa ile mitupu. Watu huona mtungi mtupu ni salama, kumbe ndani ya mtungi uliojaa na kufungwa hewa ni kidogo na mvuke umezidi kiwango cha kuwaka, ambacho kikomo chake cha juu ni takriban asilimia 7.6. Ukiumwaga na kuuacha wazi, hewa inaingia, mvuke unapungua kidogo kidogo, na kwa muda usioujua mchanganyiko uliomo unakuwa ndio hasa unaolipuka. Ndiyo sababu mafundi hujeruhiwa wanapochomelea matangi ambayo "hayana kitu". Tangi la pikipiki nalo litolewe kama kazi iko karibu nalo, na waya wa betri ufunguliwe ili kulinda vifaa vya umeme. Fundi asiyetaka kusubiri hayo yote, mwache. Funga keria kwa waya na mti hadi mji unaofuata.

Hilo hilo linahusu kivuko. Kabla ya kupanda pantoni au meli, mimina akiba kwenye tangi, funga mtungi mtupu, na uwaambie wahudumu kwamba unao. Wakiukataa, uache bandarini.

#6

Shikamoo mwenye uzi. Mimi ni mgeni kwenye safari hizi. Naomba kuuliza mambo mawili: ikiwaka nifanye nini, na je, kunyonya petroli kwa mpira kutoka pikipiki moja kwenda nyingine kuna madhara gani, maana nimewaona wakubwa wakifanya.

#7

Marahaba, na karibu sana. Umeuliza mambo ambayo mimi nilipaswa kuyafikia.

Ikiwaka kidogo kwenye mdomo wa mtungi au tangi, usiurushe mtungi wala kukimbia nao, kwa kuwa utaisambaza petroli inayowaka juu yako mwenyewe. Moto wa mdomo unaweza kufunikwa na kukosa hewa. Kitambaa kizito cha pamba kilicholoweshwa maji kinafaa, na mchanga unafaa kwa kilichomwagika chini. Maji ya kumwaga hayafai, kwani petroli huelea juu yake na moto unatembea nayo. Kimtungi cha kuzimia moto cha unga mkavu cha kilo 1 kinaenea kwenye begi, na kwa msafara wa pikipiki kadhaa kinatosha kimoja, mradi kisibebwe na yule anayebeba petroli, na kikae mahali panapofikiwa bila kufungua mizigo. Moto ukishapanda kwenye pikipiki na mtungi bado uko ubavuni, ondokeni wote, mbali. Pikipiki hupatikana tena.

Nguo iliyolowa petroli ivuliwe kabla ya kuwasha chochote, hata kama ni katikati ya barabara, na ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa mapema kabla ya kuvimba, afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa hospitali. Dawa ya meno, asali, yai na majivu havipakwi. Kwa sababu hii nashauri kila mmoja awe na lita kadhaa za maji ambazo hazihesabiwi kuwa za kunywa.

Kunyonya kwa mdomo kuache kabisa, hata ukiwaona wakubwa. Hatari kubwa si ladha wala tumbo. Petroli ni nyepesi mno, na tone dogo likiteleza kuingia kwenye njia ya hewa hutanda ndani ya mapafu na kuleta homa ya mapafu ya kemikali, ambayo inaweza kuanza saa kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau. Aliyeimeza asitapishwe, kwa kuwa kutapika kunaipitisha tena karibu na mapafu. Asukutue mdomo na apelekwe hospitali, hata kama anasema yuko sawa, na hasa akianza kukohoa. Badala yake, nunua pampu ndogo ya mkono yenye mpira wa kubinya, au fungua mrija wa mafuta chini ya koki ya pikipiki yenye kabureta, elekeza ndani ya chombo kilichokaa ardhini, kisha fungua koki. Inachukua dakika chache zaidi. Kwa pikipiki zenye mfumo wa sindano (fuel injection) badala ya kabureta, ambazo hazina koki ya namna hiyo, pampu hiyo ndiyo njia yako, kwa hiyo ijaribu nyumbani kabla ya kuondoka, maana baadhi ya matangi yana wavu shingoni unaozuia mrija kuingia.